Akiruka, Nyamaza Mpaka Atue

Wanangu wa Magomeni, mlikuja kwangu na simu, mkaiweka juu ya stuli, mkaniomba nieleze kazi niliyoifanya, nami nikaongea mpaka chai ikapoa. Baada ya siku chache mwalimu wenu Neema akanipigia huku anacheka. Kumbe mlipoisikiliza mlipata honi za pikipiki, muuza mihogo na majogoo ya jirani. Mimi sikuwemo. Halikunishangaza, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata kwenye stuli. Kwa hiyo nimeamua kuandika, nanyi mtanivumilia, maana mkono wangu nao hauna haraka.

Mlitaka kujua namna ya kuendesha mchezo wenye mbio, mapigano na kuruka maghorofa, mpaka mchezaji asahau kwamba amekalia kiti cha plastiki. Nyie mchezo huu mnauita kwa jina la kizungu, na mna vitabu vyenye picha na dadu za pande nyingi. Sisi tuliuita mchezo wa stelingi, yaani shujaa wa filamu. Tulikuwa na dadu mbili za ludo, vizibo vya soda na meza moja kwenye mgahawa wa Mama Salma, Gerezani, nyuma ya maduka ya spea. Kanuni zake zilikaa kichwani. Kila mchezaji ni mtu ndani ya hadithi, naye husema anafanya nini. Jambo likiwa jepesi, limefanyika. Likiwa gumu, anatupa dadu: zikitoa namba kubwa amefanikiwa, zikitoa ndogo amekosa. Mimi nilikuwa mwendeshaji. Kila kisichokuwa mchezaji kilikuwa mimi: mji, mvua, maadui, hata mbwa aliyefungwa mlangoni.

Waliniita Spika. Jina hilo nilipewa Buguruni, zamani, nilipokuwa nikisimulia filamu kwenye kibanda cha video. Nyie mmezaliwa na filamu mfukoni, kwa hiyo niwaeleze. Kilikuwa chumba cha mabati na mabenchi ya mbao, televisheni moja mbele, na watu wamebanana mpaka mlangoni. Filamu ilikuwa ya lugha wasiyoijua, basi pembeni ya televisheni alikaa mtu mwenye maiki, akawaambia kwa Kiswahili nani anamdai nani na kwa nini yule mwenye kovu amekasirika. Tusipoelewa wenyewe tulitunga, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Aliyenifundisha ni Mzee Tindwa, mwembamba, mpole, mwenye kikombe cha maji ya moto mkononi kutwa nzima. Mimi nilikuwa na koo la kuita feri kutoka ng'ambo. Gari likilipuka, nalipuka nalo. Stelingi akiruka kutoka ghorofani, nilimsindikiza hewani kwa kelele mpaka mabati yanatetemeka. Watu walipenda, nami nikavimba kichwa. Mzee Tindwa alinisikiliza, akasubiri filamu iishe, akaniambia neno moja.

"Akiruka, nyamaza mpaka atue."

Nilimjibu kwa heshima zote kwamba watu wamelipa kusikia. Akatabasamu, akanywa maji yake. Moyoni nilijiambia kwamba mzee ananionea wivu.

Dadu ziliingia kwenye kazi yangu kwa sababu ya umeme. Enzi za mgao, umeme ulikatika filamu ikiwa pale pale patamu: stelingi amezungukwa na maadui kwenye daraja. Watu wakaanza kudai chao. Mwenye kibanda akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezima. Watoto walikuwa na ludo yao mlangoni, nikachukua dadu, nikasimama juu ya benchi, nikasema hadithi inaendelea, ila kuanzia sasa atakayeamua kama stelingi anapona ni nyie. Nikampa dadu kinyozi mmoja aliyekaa mbele. Akatoa sita. Kibanda kikalipuka kwa shangwe. Nikasimulia daraja, nikasimulia ngumi, na dadu zikazunguka mkono kwa mkono mpaka jua likazama. Siku iliyofuata watu waliuliza mlangoni kama leo umeme utakatika.

Baadaye vibanda vilikufa, kila mtu akawa na king'amuzi nyumbani, kisha simu. Mimi nikabaki na dadu. Mama Salma alikuwa mteja wangu wa zamani wa kibandani, mjane mwenye ulimi mkali na supu nzuri. Jumapili maduka mengi ya spea hufungwa na mgahawa wake ulipooza. Akaniambia nije na mchezo wangu, atanilipa, maana watu wakikaa muda mrefu watakula. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi iliyonilisha mpaka nilipostaafu. Jumapili ilikuwa kwake, na siku nyingine niliitwa kwenye vijiwe na sherehe.

Sasa niwaeleze makosa, maana ndiyo yenye faida kwenu.

Mchezo wangu wa kwanza pale Gerezani niliuanza asubuhi. Nina maana asubuhi ya hadithi: stelingi anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai, anakumbuka marehemu baba yake. Wachezaji wakaagiza chapati. Nilipofika kwenye baba mdogo wa stelingi, mmoja alikuwa anasoma gazeti. Jumapili iliyofuata nilianzia katikati: pikipiki haina breki, nyuma wanakuja watatu, mbele kuna lori la mchanga. Nikauliza nani anaendesha. Chapati zilikuja wala hakuna aliyezigusa. Kwa hiyo mkitaka hadithi ya mbio, ianze mbio zikiwa zimeshaanza. Marehemu baba atakumbukwa wakipata pa kupumzika.

Kosa la pili lilinichekesha hata mimi, ingawa si siku ile. Nilitunga mkimbizano wa magari. Kwa kuwa kila filamu niliyowahi kusimulia ilikuwa na mkimbizano wa magari, nikalipitisha gari la stelingi Mtaa wa Kongo, mchana wa Jumamosi, mguu wake umekandamiza mafuta mpaka chini. Meza nzima ikaangua kicheko. Nyie mnaujua Mtaa wa Kongo. Hata mtu mwembamba hapiti pale bila kuomba radhi kwa wauza soksi. Shabani, fundi wa giaboksi, aliniuliza kama hilo gari lilikuwa linapita juu ya nguo za ndani au chini yake. Niliona haya, nikataka kubadilisha mtaa. Lakini Neema akasema stelingi wake anashuka, anaacha gari, anachukua mkokoteni wa mpunga wa jirani na kuusukuma huku anapiga kelele za wabeba mizigo ili watu wapishe. Watu walipisha. Maadui nyuma walibaki wanagombana na wauza soksi. Ulikuwa mkimbizano bora kuliko wote niliowahi kuusimulia, na sikuutunga mimi. Tangu siku hiyo nikaacha kuazima miji ya watu. Mtu anayejua uchochoro unatokea wapi hukimbia kwa akili zaidi, na akijificha, hujificha mahali anapopajua kwa harufu.

Hao Neema na Shabani mtawasikia tena, basi niwatambulishe vizuri. Neema mnamjua kama mwalimu wenu, lakini wakati huo alikuwa binti aliyetoka Songea miaka michache nyuma, anauza zipu na vifungo Kariakoo, na Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka kanisani na nguo zake nzuri. Ndani ya hadithi alikuwa Sajini Hawa, mwanajeshi mstaafu asiyecheka. Shabani alikuwa kijana wa miraba minne, mwenye grisi kwenye kucha hata siku ya Idi. Yeye alichagua kuwa Profesa, mzee mwenye mguu mbovu anayejua kila kitu. Wa tatu alikuwa Mzee Pazi, aliyebeba mizigo bandarini mpaka magoti yakamkataa. Mzee huyo alicheza kijana wa miaka ishirini, anaitwa Chaku, anayetembea juu ya kuta na kuruka madirisha. Shabani alimtania kila wiki kuhusu huyo Chaku. Mzee Pazi akamjibu kwamba magoti mabovu anayo nyumbani, hakuja mgahawani kuongeza mengine.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na nilidumu nalo miaka. Niliendelea kuwa Spika. Mchezaji akisema anavunja mlango, mimi ndiye niliyeuvunja: niliwaambia anavyorudi nyuma, anavyokunja ngumi, anavyofikiria, na anachomwambia adui akiingia. Kibandani stelingi hakuweza kunijibu, alikuwa kwenye kioo. Pale mezani alikuwa amekaa mbele yangu anakunywa soda, nami bado nikamsemea kila kitu. Nilidhani ndio ufundi. Siku moja Neema aliinua mkono kama yuko darasani.

"Samahani, anko. Mimi nimekuja kucheza au kusikiliza redio?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaendelea vilevile. Sauti niliyokuwa nayo ilikuwa tamu masikioni mwangu. Wapita njia walisimama dirishani kunisikiliza. Ungeacha vipi kitu kama hicho?

Kikaniacha chenyewe. Ulianza mkwaruzo kooni, nikanywa tangawizi. Ukawa kama changarawe, nikanywa asali na ndimu na kila kitu ambacho Mama Salma aliwahi kusikia kinasaidia. Ikafika Jumapili nikifungua mdomo kwenye sehemu ya ngumi, inatoka sauti ya mlango mbovu, halafu hewa tupu. Nikaenda hospitali. Daktari wa koo alikuwa binti mpole, umri wa mwanangu. Alinipitisha kamera kooni, kisha akanionyesha kwenye kioo vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, kimoja kila upande. Akasema ni vya watu wanaopiga kelele kazini. Niache kuongea mwezi mzima. Hata kunong'ona nisinong'one, maana kunong'ona kunazikaza nyuzi vilevile. Baada ya hapo ataangalia tena, na visipopungua tutazungumzia kisu, ingawa kisu nacho hakina uhakika wa kurudisha sauti.

Mke wangu alisema hajapumzika hivyo tangu tuoane. Nilicheka bila sauti, lakini nawaambia ukweli, niliogopa. Sikuwa na cheti, sikuwa na duka. Nilikuwa na koo. Mtu anayeitwa Spika akikosa sauti, anabaki kuitwa nani? Nilijilaza mchana na usiku nikiwa macho, nikijaribu kusimulia kimoyomoyo, ili nisisahau.

Mama Salma alikuja nyumbani kunijulia hali na chupa ya supu. Aliketi, akanieleza bila kuzunguka, ndivyo alivyo. Kuna mtu anamuuzia televisheni kubwa kwa ajili ya mpira. Meza yangu ikikaa tupu Jumapili mbili tatu, ataiweka, kwa sababu naye ana wafanyakazi wa kulipa. Hakusema kwa ubaya. Alinishika bega wakati wa kuondoka. Nilijua mpira ukishaingia pale, hakuna dadu itakayoutoa.

Kwa hiyo Jumapili nilikwenda. Sikuwa na mpango wowote, niliogopa tu kubaki nyumbani. Nikaketi mahali pangu, nikatoa dadu na vizibo. Mama Salma akawatangazia kwamba Spika leo hasemi, daktari amemkataza, lakini mchezo upo. Shabani akasema basi leo tutamaliza mapema. Mzee Pazi akamkata jicho.

Niwaeleze hadithi ilikuwa imefikia wapi. Kulikuwa na mtoto hospitalini anasubiri damu. Damu ilikuwa kwenye sanduku la barafu. Chini ya barafu ile, tajiri mmoja anayeitwa Sharubu alikuwa ameficha vito vyake ili avivushe, na sasa watu wake walilitaka sanduku. Stelingi wetu hawakuvijali vito. Walitaka damu ifike. Hapo mshike jambo: mpeni adui sababu yake mwenyewe, awawinde stelingi kwa kitu anachokihitaji, siyo kwa ubaya tu. Basi Chaku wa Mzee Pazi alikuwa juu ya ghorofa Kariakoo, sanduku mgongoni, maadui wanapanda ngazi. Sajini Hawa alikuwa juu ya ghorofa jingine, ng'ambo ya uchochoro. Profesa alikuwa chini, na mkokoteni.

Nikachukua chupa mbili za chai, zile ndefu, nikazisimamisha mezani zikiwa zimeachana. Hayo ndiyo maghorofa. Kizibo cha bluu juu ya chupa ya kwanza, Chaku. Kizibo cha njano ng'ambo, Sajini. Vizibo vyekundu nikavipandisha kimoja juu ya kingine ubavuni mwa chupa, navyo ni maadui kwenye ngazi. Kila nilipopandisha kimoja niligonga meza kwa kidole. Nikamtazama Neema, nikamfungulia kiganja. Alielewa mara moja. Akasema Sajini anavua mkanda wake na kuufunga kwenye nondo, ili kama Chaku ataning'inia awe na cha kushika. Nikamfungulia kiganja Shabani. Profesa akasukuma mkokoteni chini ya uchochoro, ingawa alisema wazi kwamba kwa mguu wake ule hana haraka na mtu. Nikagonga meza. Nikapandisha kizibo kingine.

Nilishangaa. Walikuwa wanajua kila kitu. Neema alijua nondo za majengo yasiyokwisha zinavyotokeza juu. Shabani alijua sauti ya gurudumu la mkokoteni lililokosa mafuta, akaitoa kwa mdomo, na watu wa meza za jirani wakageuka. Hayo yote yalikuwemo miaka yote, nami nilikuwa nimekaa juu yake na maiki yangu.

Nikafungua kiganja kwa Mzee Pazi. Vizibo vyekundu vilikuwa vimefika juu.

Akasema anaruka.

Alitupa dadu. Moja ikakaa mezani, ikaonyesha mbili. Ya pili ikagonga sahani, ikaruka, ikaingia uvunguni mwa friji la soda. Nami tayari nilikuwa nimeshainua kizibo cha bluu juu, katikati ya zile chupa mbili, na nikabaki nacho hapo. Ningekuwa na sauti, wakati huo ungejaa maneno. Ningesimulia upepo, ningesimulia shati linalopepea, ningewaambia mpaka rangi ya viatu. Shabani alipiga magoti kumulika kwa simu. Mama Salma akaja na ufagio, akamwambia asiiguse, naye akapiga magoti aisome. Friji lilikuwa na vumbi la mwaka mzima. Sikuushusha mkono, kwa sababu niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona nikiwa Spika. Mgahawa mzima ulikuwa unatazama kizibo. Mtu mmoja wa meza ya dirishani alikuwa na kijiko cha supu karibu na mdomo, kimesimama. Pale ndipo nilipomsikia Mzee Tindwa, ambaye siku hizo alikuwa ameshatangulia, na machozi yakanijaa. Kumbe hakuwa na wivu wowote. Alikuwa ananipa kitu, nikakikataa.

"Moja," alisema Mama Salma kutoka sakafuni.

Mbili na moja. Chaku hakufika.

Kwa kawaida mimi ndiye niliyewaangusha watu. Sasa sikuweza. Nikamtazama Mzee Pazi, nikamfungulia kiganja cha mkono wa pili, kama nilivyowafungulia wote.

Mzee alikitazama kizibo. Kidole chake kimoja kilikuwa kinagusa bega lake, pale ambapo kamba za mizigo zilimchimba ujana wake wote.

"Sifiki," alisema taratibu. "Nimeshaona sifiki. Basi nalitoa mgongoni, nalirusha. Mimi niacheni. Sanduku lifike."

Neema alinyoosha mikono yote miwili juu ya meza, kama kweli kuna kitu kinakuja, akasema amelidaka. Shabani akamtafutia dadu azitupe. Nikamzuia, nikaifunika ile iliyobaki mezani kwa kiganja. Kuna wakati dadu hazina la kusema, na mwendeshaji asipolijua hilo ataharibu jambo zuri kwa ajili ya kanuni. Kisha nikakishusha kizibo polepole sana mpaka kikagusa mbao. Mzee Pazi akatueleza mwenyewe alikoangukia: juu ya turubai la muuza viazi, turubai likapasuka, akatua kwenye mkokoteni wa Profesa, mbavu mbili zimekwenda. Akafungua jicho moja, akauliza kama sanduku limefika.

Shabani alifuta uso akasema pilipili ya Mama Salma leo imezidi. Hakuwa amekula chochote. Yule mtu wa dirishani akauliza kama Jumapili ijayo anaweza kupata nafasi ya kukaa karibu.

Mama Salma aliinuka, akakung'uta magoti, akaiweka dadu mezani mbele yangu. "Wiki ijayo uwahi," aliniambia. "Watajaa."

Mwezi ulipoisha daktari aliniangalia tena. Vinundu vilikuwa vimesinyaa na kisu hakikuhitajika, lakini alinieleza kwa upole kwamba sauti ile ya zamani nisiitegemee. Nilichobakiwa nacho ni hiki mlichojaribu kukirekodi: sauti ya mtu anayeongea nyuma ya mlango. Nililia nikiwa kwenye basi la mwendokasi, sikujificha. Halafu Jumapili nikaketi mahali pangu na kusema maneno yangu ya kwanza, kwamba mvua imeanza kunyesha Kariakoo. Wachezaji wakasogeza viti ili wanisikie. Meza ya jirani wakaacha kugonga vijiko. Miaka yote nikipiga kelele, nilikuwa nawafuata watu walipo. Sasa walikuwa wananifuata wao.

Pale mezani ikawa desturi kuanzia siku ile: anayekosa ndiye anayesimulia anavyokosa. Msiwanyang'anye watu kuanguka kwao. Mtu akiruhusiwa kuanguka mwenyewe, haogopi kuruka. Na dadu mbaya isiwe mwisho wa njia, izae balaa jipya, maana mlango uliogoma kufunguka na hakuna kilichotokea ni kupoteza muda wa watu. Televisheni Mama Salma aliinunua baadaye, lakini saa ya mchezo aliizima mwenyewe, hata siku ya fainali, na aliyenung'unika alionyeshwa mlango.

Mnataka mengine? Ongeeni machache. Ulizeni zaidi. Msikae mbele ya feni, wala msinywe soda ya baridi mkiwa mmetoka jasho. Wazee waacheni wacheze vijana.

Na lingine hili, kisha nawaachia.

Mwezi uliopita Neema alinialika kwenye meza yenu, mnakumbuka, mkanipisha kiti karibu na dirisha. Mlinipa stelingi, kijana mmoja mnyamavu, nami nilijua tu kwamba ni heshima ya kumpa mzee kazi. Nikafikishwa ukingoni mwa daraja lililokatika. Nikatupa dadu nikasema naruka, nikapata namba mbovu kuliko zote mezani. Neema akainua kizibo juu. Alinifungulia kiganja.

"Unafanyaje, anko?"

Nilikuwa nimesimulia stelingi wa watu maisha yangu yote, wa kwenye kioo na wa mezani, na mimi sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Mlinisogelea wote, viti vikakwaruza sakafu. Wengine mlidhani nimesahau mchezo, au sauti imeniishia tena.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa bado sijatua.